Majina ya Gari la Mwenyekiti

Jumamosi ile simu ilipolia tulikuwa watu wanne ndani ya gereji yetu ya Fridley, huku ughaibuni. Alikuwepo mwenye Kobe, tunayemwita hivyo kwa ajili ya kigari chake cha Kijerumani chenye mgongo wa mviringo. Huyu anatunza wazee kwenye makao fulani kule Burnsville, na mama yake mzazi na mimi tuliuza nguo pamoja sokoni Voi, meza kwa meza. Alikuwepo Mama wa Pikapu, mtu wa Uvira, aliyefika nchi hii katika ndege moja na Mwenyekiti wetu, watoto wa kila mmoja wakiwa bado wa kubebwa. Alikuwepo dereva wa basi, Mtanzania wa Bukoba, jirani ya binti yangu, ambaye ndiye hunipeleka na kunirudisha. Na nilikuwepo mimi, bibi asiye na gari wala leseni, katibu wa chama cha magari ya zamani. Aliyekosekana ni Mwenyekiti mwenyewe. Hiyo ilikuwa siku ya tano tangu alazwe hospitalini, na alikuwa ametutumia salamu kwamba tukague panya bila yeye, Jumamosi inayofuata angekuja kutukosoa. Mwenye Kobe alisikiliza simu, akavua kofia ya baridi, akasema, "Huyo ni binti yake. Mzee amekwenda." Kisha Mama wa Pikapu akakaa juu ya tairi na kusema, "Sasa atuache na hizi panya zake?" Tukacheka, kisha kila mtu akageukia ukuta wake.

Mtaona sijaandika jina la mtu hata mmoja, na wanaonijua watashangaa, maana mimi majina hayanipotei. Ninakumbuka watoto wote niliosoma nao mpaka darasa la tatu, na walikokaa darasani. Sababu nitaifikia. Kwanza niwaeleze hao panya. Magari yetu ni ya zamani, na huku barabara za baridi hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula chuma. Basi theluji ikianza tunayafunika turubai na kuyaacha mpaka mvua za masika zishuke na kuosha lami. Miezi yote hiyo panya hupenda kuzaa ndani ya viti. Kwa hiyo kila Jumamosi tunafunua, tunachungulia, tunaweka vile vitambaa vya manukato vya mashine ya kukaushia nguo, ambavyo panya hawavipendi. Mjukuu wangu huniuliza kwa Kiingereza, "Bibi, kwa nini kuhangaika na gari lisilotoka nusu ya mwaka?" Ninachojua ni kwamba mwenye Kobe akikaa kwenye gari lake huona mwalimu mkuu wa shule yao akiteremka kilima cha Machakos, na Mwenyekiti akishika usukani wa stesheni wagoni yake ya Kifaransa, rangi ya chai ya maziwa, alikuwa Bukavu tena, akipeleka wagonjwa hospitali.

Gari hilo alilipata Anoka kwa mjane mmoja, mama wa Kizungu ambaye mume wake alikuwa mkulima. Mwenyekiti wakati huo Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, cha "washa", "zima" na "sogea". Yule mama alimkaribisha mezani, akashika ufunguo mkononi, akakataa kuuachia mpaka amalize kusema. Alisema mume wake alilinunua kwa nani, na huyo alilipata kwa nani, mpaka kwa mtu wa kwanza kabisa. Akataja majina, akamfanya Mwenyekiti ayarudie kama mtoto wa chekechea, ndipo akampa ufunguo. Jioni ile Mwenyekiti alikuja kwa binti yangu akiwa na gari jipya la zamani, wala hakulisifu. Alisema tu, "Ile mama hakunipatia gari tu. Alinipatia na bwana yake."

Kutoka siku hiyo akatuwekea sheria. Kila mwenye gari lazima ajue waliolishika kabla yake. Na siku ya kwanza ya kutoka, mvua ikishaosha chumvi, hakuna gari litakalopita lango kabla majina hayo hayajatajwa kwa sauti, watu wamesimama. Aliye na gari lake bado hatajwi. Hutajwa yule aliyeliachia tu. Watu walimwona kama mtu wa vituko. Mwenye Kobe ilimbidi ampigie simu bwana aliyemuuzia gari miezi mingi nyuma kumuuliza nani alikuwa nalo mbele yake, na yule bwana akadhani anataka kulirudisha, akaanza kujitetea: "Lilikuwa zima! Liliondoka hapa likiwa zima!" Wakabishana nusu saa. Mwisho yule bwana akamkumbuka shangazi yake aliyekuwa nalo kwanza, akalia kwenye simu.

Majina yakawa mengi, ikaonekana yaandikwe. Hapo ndipo tulipogombana. Mwenye Kobe akasema, "Tuandike Kizungu, hata polisi akitusimamisha ataelewa." Mama wa Pikapu akasema Kifaransa ndiyo lugha ya karatasi, Kizungu ni ya kazini. Yule Mtanzania akasimama kabisa: "Jamani, Kiswahili kipo! Tena sanifu!" Wakamcheka na sanifu yake mpaka akanuna. Mwenyekiti akawaacha wachoke, akanielekeza kidole. "Tumupe huyu mama. Yeye hana lugha ya karatasi." Ningeweza kukasirika. Nilicheka, nikayachukua. Nikawa Mama Katibu nisiye na kalamu, na ikawa desturi yetu kwamba majina hayo hayaandikwi, yanasemwa. Ndiyo sababu niliyowaahidi, maana kila mwenye gari naye siku moja atakuwa kwenye majina hayo.

Kazi ilikuwa ya watu wawili lakini. Mimi nilisimama mbele nikataja, na Mwenyekiti alisimama nyuma ya bega langu la kushoto, akisikiliza. Mwaka mmoja yule mjane wa Anoka alikuja. Aliletwa na jirani yake, akakalishwa kwenye kiti cha kukunja karibu na gari, mkongojo wake wa magurudumu pembeni. Kiswahili hakukijua hata neno. Alikuwa amekuja kungoja neno moja tu. Nami siku hiyo nilivaa kitenge kipya, wageni walikuwa wengi, nikajisikia. Nikayapeleka majina mbio mbio kama mnadi wa sokoni, nikafika kwenye gari la Mwenyekiti, nikataja wawili, nikaruka kwenye pikapu. Nikasikia kikohozi nyuma ya bega. "Mama Katibu, rudia nyuma kidogo. Umeacha mutu mu barabara." Nilipogeuka nikamwona yule mama ameinua uso, bado anangoja. Nikarudi. Nikalitaja jina la mume wake polepole. Yeye akainua mkono juu, vile mwanafunzi anavyoinua mwalimu akiita mahudhurio, kana kwamba anaitika kwa niaba yake. Baadaye nilimwambia Mwenyekiti nimeona aibu. Akasema, "Aibu ya nini? Kuruka ni kwako, kurudisha ni kwangu. Siku sitakuwa nyuma yako, ndiyo uogope."

Kwa hiyo tangu Jumamosi ile ninaogopa, nawaambia ukweli. Niliogopa mambo mawili. La kwanza ni hilo, kwamba sasa nikiruka hakuna wa kukohoa. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwa sheria yake mwenyewe jina la Mwenyekiti lilikuwa halijawahi kutajwa, kwa kuwa gari lilikuwa bado lake. Sasa lilikuwa linangoja atakayelichukua gari, ili na Mzee aingie kwenye majina. Tukishamzika, mwenye Kobe akanivuta kando akaniambia binti wa marehemu anataka kuliuza, tena kwa mtu wa mbali, wa jimbo jingine. Nikaona hivi: gari likienda na mtu asiyejua, majina yatakwenda nalo kama takataka ya ndani ya buti, na mzee wetu hatatajwa na mtu.

Nikaomba nipelekwe kwa huyo binti, Burnsville, kwenye ghorofa anakokaa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Ni mtoto mzuri, mfanyakazi, na kama wenzake wote waliokulia huku anasikia kila unachosema halafu anakujibu kwa Kiingereza. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, mtanisamehe. "Bibi, sina gereji, na kodi ya ile yenu siiwezi," aliniambia. "Gia za mkono siziwezi, Papa alinifundisha mara tatu, mara tatu nikalia. Likikaa nje baridi mbili tu litaoza. Nataka nilione linaoza?" Akanitilia chai, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitaka. "Wewe ulimjua. Papa angefanyaje?" Neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema tu, baba yako asingeuza, na yule mtoto angeamini, na gari lingebaki. Nikanywa chai yangu mpaka nusu. Kisha nikamwambia kweli, kwamba baba yake alilipata kwa mwanamke aliyekubali liende. Kwamba yeye asingeuliza linakwenda wapi, angeuliza kama anayelichukua ana masikio. Binti akasema, "Basi nifundishe." Tukakaa pale mezani mpaka chai ikapoa, mimi nikitaja, yeye akirudia.

Mnunuzi alikuja gerejini mchana mmoja na trela, ili gari lisiguse chumvi hata njiani. Mtu wa makamo, mikono ya kazi. Tukatoa turubai. Alipofika kwenye mlango wa dereva binti akashika ufunguo, akauficha nyuma, akamwambia angoje kwanza. Nami nikasimama nyuma ya bega lake la kushoto. Akaanza. Akamtaja mwalimu wa piano wa Saint Paul, aliyelinunua likiwa jipya. Akamtaja mkulima wa Anoka. Akavuta pumzi ya kumtaja baba yake. Nami nikakohoa. "Rudi nyuma kidogo, mwanangu. Umeacha mtu barabarani." Alikuwa ameruka mpwa wa yule mwalimu wa piano, aliyekaa nalo miaka michache tu na hakuna anayemkumbuka. Binti akageuka kunitazama, akacheka, na machozi yakamtoka wakati huohuo, akasema, kwa Kiswahili, "Papa alisema hivyo nyumbani! Nikisahau sahani ya mtu mezani!" Akarudi, akamweka yule mpwa mahali pake. Kisha akalitaja jina la baba yake, zima. Mnunuzi akalirudia vibaya. Binti akatikisa kichwa. Akalirudia tena. Mara ya tatu akalipata. Ndipo akapewa ufunguo.

Hilo jina zima lilinigusa kuliko yote. Wengi wetu tulipokuja huku karatasi zilitugeuza, la mwisho likawa la kwanza, na wengine tukapewa Januari mosi iwe siku yetu ya kuzaliwa, mtaa mzima tunakata keki siku moja. Kiwandani Mwenyekiti alikatwa jina likabaki herufi moja. Aliitwa kwa herufi hiyo miaka yote aliyosimama kwenye mashine, wala hakulalamika, alitusimulia kama kichekesho. Sasa nadhani nimemwelewa. Mtu anayeitwa kwa herufi moja mchana kutwa ndiye aliyetaka wakulima asiowajua watajwe kamili siku ya mapumziko. Najifunza kwake kwamba vitu havikai, hata tuvifunike turubai, na si kosa kuviachia. Kosa ni kuviachia kimya.

Yule mnunuzi, kabla ya kuondoka, aliuliza kama anaweza kuyaandika majina asije akayapoteza. Binti akanitazama. Ni mimi niliyekuwa na mamlaka ya kukataa, nami nikasema, aandike. Akaandika kwenye karatasi, akaiweka kwenye kile kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Trela likaondoka. Pale sakafuni umebaki mstatili mkavu, na mwenye Kobe amekataa tuegeshe chochote hapo.

Mvua za masika zimekaribia. Nitasimama mbele kama kawaida, nitataja, na nikifika kwenye nafasi ile tupu nitaitaja pia, ingawa gari halipo. Nyuma ya bega langu hakutakuwa na mtu. Kwa hiyo leo na mimi ninavunja desturi na kuyaandika, kama ninavyoyatamka, ili ninyi mnaonisoma mkae nyuma yangu. Wengine mlikuwepo siku zile za lango, mlisikia. Wengine huenda mlimjua yule mpwa, maana huyo ndiye ambaye sina uhakika naye. Majina ya gari la Mwenyekiti ni haya: Doroti, mwalimu wa piano. Keni, mpwa wake. Lesta, mkulima wa Anoka. Kashindi, wetu. Kama nimekosea hata herufi, au nimeacha mtu barabarani, kohoeni. Nitarudi nyuma.