Blanketi Uani

Kazini kwangu Doha, kompyuta moja hugawiwa wateja wengi, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Ili iwahi, hukisia kazi inayofuata na kuianza kabla haijaagizwa. Ikikosea huifuta, lakini alama hubaki, na mteja jirani anaweza kusoma humo siri za mwenzake. Mimi huandika amri za kuilazimisha ingoje. Inakuwa nzito, wateja wananung'unika. Wanung'unike!

Ijumaa moja, nilipotoka kanisani mtaa wa Mesaimeer, hukuhuku Doha, nilimpigia mama simu Kenya. "Krismasi hii sikutarajii, mwanangu. Kazi kwanza," akasema.

Lakini jirani yake alikuwa ameshanidokezea: blanketi langu limeanikwa uani.

Likizo nilikuwa nimenyimwa. Nilipaswa kumwambia aache kukisia. Nikamuuliza tu kama huko kuna jua.