Debe la Mpunga la Felisita

Joakim Ngassa hakuwa wakili. Tuliseme hilo mapema, maana mwenyewe alikuwa halisemi. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kule Kasoli, miaka kumi na minne akipima pamba ya watu, mpaka soko huria lilipoingia na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na malori yao. Chama kikalegea, makarani wakapunguzwa. Joakim akanunua taipureta ya ofisi kwenye mnada wa vitu vya chama, akahamia Bariadi mjini, akaweka meza kwenye baraza ya duka la Mudathiri, ng'ambo ya barabara kutoka mahakama ya mwanzo.

Na kazi ilikuwepo, tena tele. Mahakama ya mwanzo mawakili hawaingii. Mtu anasimama mwenyewe mbele ya hakimu na wazee wawili wa baraza, anajieleza. Sasa mtu katoka Nkololo, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, kapewa notisi ya kuhama na hajui inasema nini, afanyeje? Anavuka barabara kwenda kwa Joakim. Miaka ile notisi zilikuwa hazikauki. Kila mwenye kiwanja karibu na barabara alikuwa amegundua kwamba wanunuzi wa pamba wanatafuta maghala, na kila mwenye fremu ya duka amegundua kwamba muuza mitumba analipa kuliko fundi cherehani. Joakim aliwasomea watu notisi zao, akawaandikia majibu, na wengine kweli walipona. Wakaanza kumwita Wakili, naye akaitika. Jina likampanda kichwani, tusifichane.

Mwaka tisini na tano, kabla ya msimu wa pamba, alikuja mama mmoja mtu mzima, Felisita. Alikuwa anauza chakula nyumbani kwake, karibu na stendi: ugali, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, samaki wa kukaanga. Wasafiri wote wa Mwamanyili walikuwa wanapajua.

"Mwadila, mayu," Joakim akamsalimu kwa Kisukuma, akamwita mama, kwa kuwa alikuwa na umri wa mama yake mzazi.

Felisita akaeleza habari zake bila haraka. Kiwanja kile alipewa na mzee Machibya, mwaka wa sabini na tano, baada ya kumuuguza mke wa mzee miezi minane kama mama yake, mpaka akapona. Mzee akaita majirani wawili, wakapanda minyaa ya mpaka, akamwambia hapa ni pako. Hapakuwa na karatasi. Karatasi ya nini, wakati minyaa ipo na majirani wapo? Ila sasa mzee alikuwa ameshazikwa, majirani wote wawili nao wameshazikwa, na mtoto wa mzee, Mashimba, alikuwa amerudi kutoka Mwanza. Kijana mwenye maneno laini. Alikuwa amemwambia kwamba dunia imebadilika, waandikishane ili kesho na keshokutwa asije mtu akamsumbua. Felisita akaona ni jambo la heri, akaja kwa anayejua kuandika.

Joakim alikuwa na mifano ya mikataba, ameinakili mwenyewe kutoka kwenye jalada la ofisi moja Shinyanga, na alikuwa anajivunia sana. Akachomoa ule wa nyumba. Ulikuwa mkataba wa upangaji. Mwingine wa nyumba hakuwa nao, na haikumpitia akilini kwamba nyumba inaweza kuhitaji karatasi ya namna nyingine. Akaanza kujaza. Jina la mwenye nyumba: Mashimba Machibya. Jina la mpangaji: Felisita. Akafika kwenye kodi.

"Unampelekea nini kila mwaka, mayu?"

"Simlipi kitu. Nikivuna nilikuwa nampelekea mzee debe la mpunga. Shukrani. Na alipokufa nikaendelea kumpelekea mjane wake."

Kila Msukuma anaijua shukrani hiyo. Mtu kakupa mahali pa kukaa, ukivuna humpiti bila kumwonjesha. Si deni, wala hakuna atakayekudai usipopeleka. Joakim aliijua tangu akiwa mtoto, mama yake mwenyewe alikuwa anaipeleka kwa watu. Lakini mbele yake palikuwa na mstari mtupu, na Joakim karani hakuwahi kuacha mstari mtupu maishani mwake. Akaandika: debe moja la mpunga kwa mwaka. Akamsomea mama wa watu kwa haraka, juu juu, akaruka vipengele, maana wateja wengine walikuwa wamekaa wanasubiri. Felisita akaweka dole gumba. Jioni Mashimba akaja kutia saini yake, akacheka, akamshika Joakim mkono kwa mikono miwili. Joakim akaona kijana ana adabu.

"Sasa una karatasi, mayu," alikuwa amemwambia Felisita wakati wa kuagana. "Hakuna wa kukugusa."

Mwaka haukuisha. Mwezi wa tano Felisita akavuka barabara tena, safari hii na notisi ya miezi mitatu, amepewa na Mashimba. Kiwanja kilikuwa kimeshapata mnunuzi wa pamba wa kujenga ghala. Nyuma ya notisi, imebanwa kwa pini, nakala ya mkataba. Joakim akautambua kabla hajausoma: taipureta yake, muhuri wake wa mpira uliosema Mwandishi wa Barua. Pale pale alielewa alichofanya. Mama huyu alikuwa na nyumba yake. Yeye, kwa kalamu yake, alikuwa amemgeuza mpangaji.

Angesema siku ile, habari ingekuwa nyingine. Hakusema. Alimwambia Felisita kwamba Mashimba amemzunguka, kwamba vijana wa siku hizi hawana haya, na maneno mengine ya hivyo, huku anakwepa macho yake. Kisha akamwandikia utetezi mrefu, kurasa nne, bila kuchukua hata senti. Alieleza minyaa, alieleza ugonjwa wa mke wa mzee. Neno moja tu hakuliandika: kwamba mwandishi wa mkataba alikosea, kwamba aliambiwa shukrani akaandika kodi. Na hilo ndilo lililokuwa linatakiwa, maana majirani wamekufa, na mjane wa Machibya alikuwa upande wa mwanawe. Kati ya watu wote walio hai, aliyemsikia Felisita akisema shukrani kabla ugomvi haujaanza alikuwa Joakim peke yake.

Wiki zile alikonda. Mke wake, Martha, alimuuliza kama anaumwa, akajibu ni jua. Alikuwa anapiga hesabu ya aibu. Hakimu alikuwa anamvumilia tu. Akisikia kwamba yule anayejiita Wakili anawapoteza watu nyumba, kesho yake askari wangekuja kuitoa ile meza. Na Flora, binti yake, alikuwa sekondari. Joakim alijirudia hayo kila siku na kila siku yalimtosha kunyamaza. Woga tu, hakuna jina jingine.

Siku ya shauri aliingia akakaa benchi la tatu. Mashimba alitoa mkataba wake. Hakimu akausoma, akampa kila mzee wa baraza autazame, akamgeukia Felisita. Akamuuliza kama dole ni lake. Ni langu. Kama debe la mpunga alikuwa anapeleka. Nilikuwa napeleka, lakini si kodi, mheshimiwa, ni shukrani.

"Hapa pameandikwa kodi. Nani alikuandikia?"

Felisita alitazama mabenchi, akapita uso mmoja mmoja, akachukua muda mrefu mpaka karani wa mahakama akainua kichwa.

"Nimesahau, mheshimiwa," akasema.

Hakimu akauliza kama yupo mwenye la kusema kuhusu karatasi ile. Alisubiri kidogo, tena kwa haki alisubiri. Joakim alitazama viatu vyake. Kilichompata moyoni alikuja kukijutia kuliko kosa lenyewe: alifurahi. Alifurahi kwamba mama yule ni mzee na amesahau. Faili likafungwa, wazee wa baraza wakakubaliana na hakimu, Felisita akaamriwa ahame.

Siku kumi na tisa baadaye, asubuhi, dalali wa mahakama alikwenda na watu wanne na ngazi, wakaanza kushusha mabati. Joakim alikuwa pale kabla yao. Kwa nini alikwenda hajui, ila alishindwa kukaa mezani kwake. Alibeba masufuria, akabeba meza za chakula, akazipanga kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliotumwa na ndugu zake Felisita kutoka Nkololo. Vitu vilipokaribia kwisha alimfuata ndani. Nyumba ilikuwa haina paa tena, jua limeingia hadi kwenye pembe.

"Mayu, ile karatasi niliiandika mimi. Uliniambia shukrani, mimi nikaandika kodi."

Felisita alikuwa anafunga mkeka kwa kamba. Alimaliza fundo kwanza.

"Najua, baba. Sijasahau kitu. Ningekutaja pale ungenikana mbele ya watu, na hakimu angemwamini anayejua kusoma. Nikaona nikuachie usimame mwenyewe. Nilikutazama mpaka faili likafungwa."

Joakim akasema, haraka haraka, kwamba bado ipo rufaa, siku thelathini, zimebaki kumi na moja, aende mahakama ya wilaya, yeye atakwenda naye, safari hii atasema yote.

"Na hiyo rufaa," Felisita akauliza, "utaniandikia wewe?"

Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua kweli, maana mwingine wa kumwandikia Bariadi nzima hakuwa anamfahamu. Nje dalali alikuwa anaita watu wake waanze na milango. Felisita akamngoja Joakim kidogo, kama hakimu alivyongoja siku ile ya shauri, kisha akainama akashika kitanda upande wa kichwani, akamwambia ashike upande wa miguu.