Tulivyoifikisha Kayaki ya Ouma Mbita

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila nionapo pikapu imebeba kayaki kuelekea ziwani. Siku hizi kayaki si kitu kigeni. Wageni wanazitaka, hoteli za Rusinga zinazinunua, na ninyi vijana wa Suna mnazipakia asubuhi kama mnavyopakia kreti za soda. Barabara ni lami hadi mwisho. Lakini siku ninayokueleza, mtaani kwetu Migori haikuwahi kuonekana hata moja, na ile tuliyoibeba ilikuwa imetengenezwa na kaka yangu Ouma, kwa mikono yake, akiwa ameketi.

Nasema akiwa ameketi kwa sababu Ouma hakuwa na namna nyingine. Alikuwa mchimba dhahabu kule Osiri. Shimo lilimporomokea, wenzake wakamtoa akiwa hai, ila miguu yake haikuinuka tena. Kijana aliyekuwa akivuka mto Migori kwa kuruka mawe akawa mtu wa kubebwa kutoka kitandani hadi uani, na kutoka uani hadi kitandani. Akanyamaza muda mrefu. Wengine wakadhani amekwisha. Mwanangu, usimzike mtu aliyenyamaza. Wazee walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi hayo nimeyaona kwa macho.

Kabla ya ajali aliwahi kumwona mgeni mmoja pale Mbita, ndani ya kayaki, mashua nyembamba iliyofunikwa juu, yenye tundu la kukalia, akipiga kasia la mabapa mawili, kulia na kushoto. Alichokishika Ouma moyoni ni kwamba miguu ya yule mtu ilikuwa imelala tu humo ndani. Kazi yote ilikuwa ya mikono. Basi siku moja akaniomba nimletee plaiwudi. Nikaleta. Akakata, akaunganisha vipande kwa waya mwembamba, akaziba maungio kwa gundi, akapiga msasa hadi ukipitisha kiganja husikii kitu. Majirani walicheka wakisema anajichongea jeneza. Mama aliwasikia, akaendelea kuchambua mboga zake.

Ilipokamilika na kupakwa rangi ya manjano, ilikuwa nyepesi, mimi na mama tuliweza kuinyanyua. Lakini ilikuwa ndefu, imezidi pikapu yangu kwa nyuma. Pikapu hiyo ilikuwa ya marehemu baba. Alipofariki nilishika usukani mimi, msichana, nikawa nabeba mahindi, miwa na vyombo vya watu wanaohama. Wanaume wa stendi walizoea. Na mimi nikazoea kila mzigo kuufunga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu za tairi, kwa sababu mpira huvutika na kufungika upesi.

Asubuhi ya safari ya Mbita, ziwani, tukaiweka kayaki nyuma, nikachukua mipira yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Yeye maisha yake yote alikuwa muuza vyungu, na hakuna kitu kinachomfundisha mtu adabu ya kupakia kama chungu.

"Wewe Awuor," akasema, "hiyo mpira inavutika. Ukipanda mlima hii kitu itateremka nyuma pole pole, na wewe utakuwa unaangalia mbele."

"Mama, ni mbao tu. Nimebeba mbao mara ngapi?"

Akanitazama hadi nikaishusha ile mipira chini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mbao ni ya fundi. Hii ni miguu ya ndugu yako. Funga kama mtu amebeba miguu ya mtu."

Nilisikia haya usoni. Ouma alikuwa garini tayari, dirisha wazi, na alisikia kila neno. Hakugeuka.

Mama akaingia ndani, akarudi na godoro lake mwenyewe, lile alilolalia usiku uliopita. Tukalitandika. Magunia tukayajaza nyasi kavu, moja kati ya pua ya kayaki na kabini, mengine ubavuni, kwa sababu mama alisema chungu hakivunjwi na safari, huvunjwa na kugusana. Mlango wa nyuma tukaulaza wazi na kuufunga ili usicheze. Nikatafuta kamba nene za nailoni. Mbili zikapita juu ya kayaki na kushikwa kwenye kulabu za ubavuni, moja ikashika pua, nyingine ikashika mkia na kuteremka hadi chini ya bampa. Nilipoanza kuzikaza kwa nguvu zangu zote, Ouma akasema kutoka mbele, "Taratibu, dada. Kamba ishike, isiminye. Ukiminya hapo katikati utasikia mlio wa kupasuka, na huo mlio hautarudi nyuma." Mwisho mama akavua leso yake nyekundu, akaifunga kwenye ncha ya mkia iliyotokeza, ili wa nyuma yetu waone.

Tukaondoka watatu mbele, Ouma katikati.

Tulipovuka Awendo, mama akasema nisimame. Nikasema kila kitu kiko sawa. Akasema hajaniuliza. Nilisimama, nikashuka, na kweli kamba zilikuwa zimelegea. Godoro lilikuwa limebonyea kwa uzito na mtikisiko. Nikakaza upya. Tangu siku ile, mwanangu, mzigo wowote nikiupakia husimama mapema njiani niukague, kabla wenyewe haujaniita.

Rongo ndipo nilipojaribiwa. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa kando ya barabara na mabati ya nyumba yake mpya. Aliitambua pikapu, akainua mkono, nikasimama. Mtu mzima kakusimamisha, utapita? Akasalimiana na mama kwa heshima, akamshika Ouma bega, halafu akaenda nyuma na kusema, "Haya, tutayalaza hapa juu ya hiyo mashua. Mnapita kwangu, si mbali."

Nikamwambia, "Baba mdogo, hayawezi kukaa juu yake."

"Kwani mashua inavunjwa na mabati?"

"Hii inaweza. Na yakiteleza yatakata kamba."

Akakunja uso. Watu walikuwa wameanza kusogea kusikiliza, na mtu mzima hapendi kukataliwa mbele ya watu. "Awuor," akasema, "hili gari ni la ndugu yangu. Nimelisukuma mimi likiwa bovu. Leo wewe unaninyima?"

Haikuwa rahisi, sikufichi. Kwetu msichana hamjibu baba mdogo hivyo. Nilimtazama mama anisaidie, naye akatazama barabara, kama anasema dereva ni wewe. Basi nikainamisha kichwa, nikasema kwa upole kadiri nilivyoweza, "Baba, gari ni la ndugu yako. Na mzigo huu ni wa mtoto wake. Niruhusu niufikishe. Kesho nitakuja mwenyewe nipakie mabati yako hadi mlangoni."

Alisogea tu kando. Niliingia garini, nikaondoa gari. Tulipoiacha Rongo, Ouma akasema, "Asante, dada," akageukia dirisha upande wa mama.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo. Mwenye kuutazama huuona mwepesi. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliona mashua, hakuona kilichomo.

Baada ya Homa Bay, enzi hizo, lami ilikuwa imekwisha. Ilikuwa changarawe na vumbi hadi Mbita. Niliendesha mwendo wa mtu aliyebeba maziwa, pikipiki zikinipita. Na hata hivyo, kwenye mteremko mmoja, ndama aliruka kutoka kichakani, na kundi zima la ng'ombe nyuma yake. Nikakanyaga breki. Gari likaserereka upande, mama akamkumbatia Ouma, vumbi likatufunika tusione mbele wala nyuma. Kisha gari likasimama.

Sikutaka kushuka. Ouma akasema, "Nenda uangalie. Chochote utakachokuta, niambie."

Nilishuka. Gunia moja lilikuwa limepasuka, nyasi zimetapakaa. Nikapitisha kiganja toka puani hadi mkiani, pande zote mbili, kama daktari. Haikuwa imesogea. Haikuwa na hata mkwaruzo. Niliporudi dirishani nilitabasamu, nikamwambia, "Ni nzima." Ouma alifumba macho. Mama akasema, "Basi endesha."

Mbita tuliwakuta wavuvi wakirekebisha nyavu. Tuliishusha mimi na mama, tukaiweka ukingoni kwenye maji ya kina kifupi, kisha tukambeba Ouma na kumkalisha ndani. Alivaa koti la kuelea aliloazima kwa wavuvi. Kayaki iliyumba, akaituliza. Akapiga kasia mara ya kwanza, ikageuka kombo. Akajaribu tena. Mara ikanyooka, na yule mtu tuliyekuwa tukimhamisha kama meza akaondoka mwenyewe, akatuacha nchi kavu sisi wenye miguu.

Wavuvi waliacha nyavu. Mmoja wao akauliza, "Huyo ni nani anayekwenda hivyo?"

Mama yangu, ambaye hakuwajibu majirani miezi yote ile, akajinyoosha. "Huyo ni wangu," akasema. "Na hiyo kitu ametengeneza yeye."

Sijawahi kuona mtu aliyesimama wima kama mama siku hiyo. Nami nilisimama kando yake, vumbi mpaka kwenye kope, nikijua kwamba nisingebadilishana nafasi na dereva yeyote wa Kenya hii.

Kesho yake nilibeba mabati ya baba mdogo, nikamfikishia mlangoni. Alinipa uji, akanipa na kiti, na baadaye nikasikia amewaambia watu Rongo kwamba binti wa kaka yake ni dereva hasa. Ouma naye hakurudi kukaa uani. Karakana yake iko Mbita hadi leo, na huenda kayaki unayoipakia wewe imetoka mikononi mwake.

Basi mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukipewa kitu cha mtu ukibebe, uliza kwanza ni nini kwake, ndipo ushike kamba. Tandika chini pawe laini, funga mbele na nyuma, acha mpira kwa kuni na majani ya ng'ombe. Kaza kwa kiasi, kwa maana hata mapenzi yakikaza mno huvunja. Weka kitambaa chekundu mkiani, simama mapema uangalie, na usiongeze mzigo juu ya mzigo wa mwenzako hata akuombe mkubwa wako. Mkatalie kwa adabu, kisha urudi umtumikie.

Nyasaye, Mungu wetu, akutangulie barabarani. Breki zako zikutii, macho yako yasichoke, na kila ulichokabidhiwa kifike kikiwa kizima, mwenyewe akipokee akijua kimepita katika mikono ya mtu.