Kiungo Aliyenikataza Kupiga Mbali

Nilikuwa beki wa timu ya kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, pale Élisabethville, na sifa yangu ilikuwa moja: nilipiga mpira mbali kuliko wote. Mwalimu wetu wa mpira, seremala mwenye sauti kubwa, alinipendea hilo. Alitaka mpira uende mbele upesi, kisha sote tuukimbilie.

Ndipo akahamia kambini mwanamume mmoja kutoka kaskazini, mfanyakazi wa tanuru la kuyeyushia shaba. Alikuwa mfupi, mpole, baba wa watoto wanne. Akawekwa kiungo wa kati. Siku ya kwanza ya mazoezi alinisogelea, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, usipige mbali. Unipatie mu miguu."

"Na kama bantu babili beko ku mugongo yako?"

"Ata batatu. Unipatie tu."

Jumapili tulicheza na timu ya reli. Wale hawakumwachia mtu nafasi ya kupumua. Ukigusa tu mpira, watatu wamekufikia. Nilijaribu kumpasia, mguu ukasita, wakaninyang'anya mbele ya goli letu na kufunga. Wakati wa mapumziko mwalimu alinijia juu.

"Piga mbele! Nani alikuambia uchezee pale?"

Yule kiungo akasimama kati yetu, akamwita mwalimu tata, yaani baba. "Ni mimi, tata. Utuachie kidogo. Bale banakimbia sana, batachoka."

Mwalimu akamtazama, akatupungia mkono turudi uwanjani.

Kipindi cha pili nilimpa mpira akiwa amezungukwa. Hakuwa na haraka. Aligeuza bega, wawili wakapitiliza, akanirudishia, nikampa tena. Nilishangaa jinsi woga ulivyonitoka. Tukawavuta huku na huku, vumbi jekundu likiwapanda hadi magotini, mpaka wakaanza kushika viuno. Pasi ya mwisho aliipenyeza katikati ya mabeki wawili, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha chai. Winga wetu akasawazisha. Hata mashabiki wa reli walipiga makofi.

Mechi ikaisha sare. Mwalimu alimwendea yule kiungo, nikadhani anakwenda kumgombeza. Akamuuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Siku ingine, utatuonyesha sisi bote?"

Akajibu kwamba Jumanne, siku yetu ya mazoezi, yuko kazini tanuruni, labda Jumatano. Jumatano hiyo mwalimu alifika wa kwanza, akavua koti, akaingia kwenye mstari pamoja nasi wachezaji, akingoja zamu yake ya kupasiwa mpira.