Tundu Kwenye Nguo ya Theluji

Pa! Mkaa ulipasuka chumbani kwa Bibi, nami bado niko nje ya pazia, nafunga viatu. Nilipoingia nikamkuta anaikunja nguo yangu nyeupe, kazi ya fundi wa mtaa wa Hamriya, na chetezo cha udi kinafuka chini ya kapu alilokuwa ameitandaza juu yake. Enzi zetu, nyinyi tuliokua pamoja Maskati mnakumbuka, mtoto hakutolewa mbele za watu bila nguo zake kufukizwa. Na mimi siku ile nilikuwa natolewa mbele ya nchi nzima. Kikundi cha baleti, dansi ile ya Kizungu, cha mjini kwetu kilikuwa kinarekodiwa na televisheni ya taifa, kikicheza mchezo wake wa kale, ule uliorudiwa kila mwaka. Sisi watoto wanane tulikuwa theluji. Theluji yenyewe tuliijua ya kwenye friji tu.

"Haya nenda, mwanangu," Bibi alisema. "Nna hakika kwa harufu utawashinda wote."

Tundu nililiona nyuma ya jukwaa, nilipokuwa navaa. Kiunoni, upande wa kulia, duara lenye ukingo mweusi, kubwa kama punje ya mbaazi. Cheche ya ule mkaa uliopasuka. Mwalimu wetu wa baleti alikwishatuonya: mwenye nguo mbovu hapandi jukwaani. Nikisema, naondolewa, na Bibi, aliyekwishawaalika majirani wote waje kutazama, atajua ni yeye aliyeniunguzia. Basi nikaubana mkono wa kulia kiunoni. Muziki ulipoanza nikacheza hivyo hivyo, nikiitazama kamera kama mwizi anavyomtazama askari.

Zikafuata wiki mbili za kungoja. Watoto wa leo hawayajui mateso hayo. Wao hujirekodi mara ishirini na kufuta kumi na tisa kabla chai haijapoa. Kipindi chetu kilikuwa kinaonyeshwa mara moja, basi. Kila Bibi aliposema, "Ijumaa, baada ya Alasiri," niliisukuma sahani yangu.

Ijumaa ikafika. Sebule ikajaa watu, kahawa na haluwa. Kwenye kioo cha televisheni theluji saba zikanyanyua mikono miwili. Ya nane, mmoja.

"Ya kwetu imeshika kiuno, kama inagombana na mumewe!" akasema baba mdogo, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Mwacheni," Bibi akasema. "Ndivyo inavyochezwa."

Majirani walipoondoka akaniita ndani. Nguo ilikuwa mapajani pake, kidole chake kimepita tunduni.

"Mbona hukunambia?"

"Ungelia, Bibi."

Hakulia. Alinibusu utosini. Lakini toka siku ile hakuifukiza tena nguo yangu yoyote, hata ya Idi. Nilidhani nimemkinga na aibu. Kumbe nilikuwa nimempokonya kazi yake.

Jana binti wa kaka yangu alikuwa anakwenda kurekodiwa akicheza. Nikakitoa chetezo cha Bibi, nikawasha mkaa, nikaitandaza nguo yake juu ya kapu.

"La, shangazi! Itanuka moshi. Na ikiungua je?"

"Utaweka mkono hapa," nikamwonyesha kiunoni.

Akacheka, asielewe. Mkaa ukapasuka, nikashtuka kama mtoto. Yeye aliivuta nguo yake kabla harufu haijashika, akachukua simu, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.