Maji ya Nusu Siku

Nilirudi Mbololo nikiwa na gurudumu la baiskeli mgongoni na dinamo na taa yake mfukoni. Nilikuwa nimefukuzwa kazi kwenye kiwanda cha mkonge kule Voi kwa kuigusa injini ya umeme bila kuambiwa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini tangu niione injini ile ikiwasha taa, sikuweza kufikiria kingine.

Shangazi yangu, mjane, alinipokea bila kuuliza ningekaa hadi lini. Maharagwe yake yalinyweshwa na mfereji uliotoka msituni juu. Zamani, alisema, zamu ya maji ilirudi kila siku ya nne. Sasa vijana walikuwa wameoa, mashamba yamegawanywa, na zamu yake ilirudi siku ya kumi na moja, tena nusu siku tu. Chemchemi ilikuwa ile ile.

Siku ya zamu alikwenda sokoni, akaniachia kazi ya kunywesha. Nililipachika gurudumu vibati vya debe, nikalifunga pamoja na dinamo ukingoni mwa korongo lililo kando ya mfereji, mahali penye maporomoko, nikayageuza maji yaliangukie. Nilijiambia kwamba gurudumu halinywi maji; yakishalizungusha yataendelea na safari yake shambani. Taa ya baiskeli iliwaka. Nilikaa mbele yake kama mtu anayeota moto, hadi jua likafika utosini na zamu ikaisha.

Ndipo nilipogeuka kutazama. Maji yote yalikuwa yameishia korongoni, chini ya shamba. Kweli, gurudumu halikuyanywa. Lilichukua ule mteremko, na mteremko ndio uliokuwa ukiyafikisha kwenye maharagwe.

Nililifungua gurudumu. Shangazi alirudi, akagusa udongo. "Mbona pakavu?"

"Maji hayakufika, shangazi."

Alitazama juu, kwa jirani mwenye watoto tisa. Kesho yake walikutana mbele ya wazee wa mfereji.

"Kila mwaka anaongeza mdomo," shangazi alisema, "na kila mwaka maji yanapungua."

"Mama, watoto wangu wanakunywa uji. Hawanywi mfereji."

Watu walicheka. Kisha jirani akanigeukia. "Wewe fundi wa Voi, ulikuwa pale. Yalifika au hayakufika?"

"Hayakufika," nilisema.

Wazee walimnyang'anya jirani zamu moja, wakampa shangazi. Siku kadhaa baadaye nilimwona mkewe akipanda kutoka mtoni na debe kichwani, kisha akamwagilia miche ya kabeji kwa kikombe. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama shangazi ameanza kupata nafuu ya maji.

Nilifunga mzigo wangu. Shangazi alinifungia viazi vitamu vya njiani, akanishukuru kwa kumsemea kweli mbele ya wazee. Nilivipokea.

Nikipita ukingoni mwa korongo niliona majani mabichi yamechipuka kati ya vichaka vikavu, mstari mrefu ulioanzia pale lilipokuwa gurudumu langu. Niliteremka nikayang'oa kwa mikono, yote, kisha nikashika njia ya Voi.