Mama Pambio na Mashine Isiyo na Kengele

Saa tatu asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke, na mwanamke mwenye mikono minene anaimba kwa sauti ya kukwaruza. Anatandaza foronya kwenye mashine ya pasi, anashusha mfuniko wake mzito, anaimba ubeti mmoja, kisha anauinua. Foronya inatoka imenyooka, nyeupe pe.

Kengele ya mashine hiyo ilikufa zamani. Tangu hapo yeye hupima muda kwa nyimbo za kanisani: foronya ni ubeti mmoja, shuka ni ubeti na kiitikio chake. Ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Pambio, na jina lililo kwenye kitambulisho walishalisahau.

"Ukiongeza 'Amina' tu, umeunguza," anasema, halafu anacheka mpaka anashika meza.

Mwaka jana kicheko hicho kilikuwa adimu. Alipasuliwa kuondolewa uvimbe kooni, na alipozinduka sauti haikuwepo. Daktari alimwambia avute subira. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Mtu aliyeongoza soprano kanisani tangu usichana wake akabaki kunong'ona.

"Nilimnunia Mungu," anasema bila kupepesa macho. "Nilikuwa nakwenda ibadani nakaa benchi la nyuma, mdomo nimeufunga. Namwambia moyoni, sauti si ulinipa mwenyewe? Sasa umeichukulia nini?"

Kazini nako mambo yalikwenda mrama. Alijaribu kuimba kimoyomoyo, lakini mawazo yakamteka, akawa hajui yuko ubeti gani. Mashuka matatu yakaungua. Msimamizi akamwita ofisini na kumwambia wazi: likiungua jingine, kazi hana.

Aliyejitokeza kumsaidia ni mkunja mashuka wa meza ya jirani, ambaye Mama Pambio humwita shemeji kwa kuwa mwanamume huyo ameoa binti wa shangazi yake Mama. Shemeji huyo kanisani huenda kwa harusi tu, na nyimbo hazijui. Hata hivyo akajitolea kumwimbia ili mashine isisimame.

"Nilikuwa naimba vibaya, sikatai," anasema shemeji. "Maneno yakiniishia, natunga yangu. Siku moja nikaingiza ubeti mzima wa chai iliyochelewa. Mama akaangua kicheko, mfuniko akausahau!"

Shuka likaungua. Msimamizi akafuata harufu hadi mlangoni, uso ameukunja. Akamkuta Mama Pambio amejiinamia, machozi yanamchuruzika kwa kucheka, na kooni mwake mnatoka sauti. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti.

"Tulipigwa na butwaa," anakumbuka shemeji. "Msimamizi akasahau hata shuka. Akasema, 'Hebu cheka tena, mama.'" Habari ya kufukuzana kazi ikaishia hapo.

Sauti ilirudi kidogo kidogo, tena si ileile. Mwalimu wa kwaya amemhamishia besi, katikati ya wanaume wenye ndevu, na mumewe haishi kumtania. "Nilioa soprano," mume huyo huwaambia wageni, "sasa nikibisha hodi nyumbani naitikiwa na besi."

Mama Pambio naye hucheka kuliko wageni. Anasema wakati ule wa kunyamaza ndipo alipozisikia vizuri nyimbo alizoziimba miaka yote. Waumini waliomzunguka benchi la nyuma waliimba, naye akasikiliza, na siku moja akagundua hasira imekwisha bila yeye kuiaga.

"Nilidhani kusubiri ni kukaa nimevimba," anasema. "Kumbe unaweza kusubiri huku unafurahi. Mungu hakuninunia hata siku moja, mimi ndiye nilikuwa nanuna peke yangu. Furaha niliyo nayo leo sikuwa nayo nilipokuwa na sauti ya kinanda."

Jumapili ijayo ataongoza wimbo peke yake mbele ya kanisa, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Aliomba mwenyewe, na sasa anaogopa. Sauti bado humkatika ghafla katikati ya mstari; asubuhi hii imemkatika zaidi ya mara moja, akabaki anachezesha midomo tu.

Anapoulizwa itakuwaje ikikatika mbele ya watu wote, anakunja shuka taratibu na kuliweka juu ya mengine.

"Wimbo wenyewe wanaujua," anasema. "Nikiishiwa, watapokea."